Andika Siku Moja ya Maisha Yako

Ndugu msomaji, wakati wa Wabelgiji kulijengwa kwenye mto wetu wa Shari kituo cha umeme cha Budana, kwa ajili ya migodi ya Kilo. Mashine zake ziliandikwa katika vitabu vya kampuni. Gharama ziliandikwa. Na dhahabu yenyewe, tangu ilipoonekana huku Kilo mwaka 1903, na zaidi baada ya kampuni ya Kilo-Moto kuanzishwa mwaka 1926, ilipimwa na makarani wakaandika. Mfanyakazi naye aliandikwa: namba yake, siku zake za kazi, mshahara wake. Sasa nikuulize. Yule baba aliyebeba mawe kule Budana, siku ya kwanza alipofika aliona nini? Alimwacha nani nyumbani? Usiku ule alipata usingizi? Hayo kampuni haikuwa na haja nayo. Yalikaa katika kichwa chake, na alipokufa yaliondoka naye, isipokuwa machache aliyowaambia watoto wakati wa kuota moto.

Mwezi huu nataka tuongee juu ya kazi isiyoomba mtaji wala diploma. Inaomba kaye moja na biki moja. Ni kuandika kumbukumbu ya jambo moja kubwa lililokupata wewe mwenyewe, ili wajukuu wako walikute kwenye karatasi na sio kwenye uvumi.

Ninajua jibu la wengi, kwa maana nimelisikia mara nyingi: "Muchungaji, mimi siko mutu wa masomo. Nitaandika nini? Na nani atasoma?" Kwa hiyo kabla ya kufundisha namna ya kuandika, acha nikupeleke kwanza kwa wachimbaji wenzetu wa shaba, kule Katanga.

Maboyi walioandika mji

Mwaka 1965, katika mji wa Elisabethville ambao leo tunauita Lubumbashi, chama cha watu waliofanya kazi ya boyi kwa wazungu kilitoa kitabu kidogo kilichopigwa kwa mashine. Aliyekikusanya aliitwa André Yav. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de la ville de Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili, tena Kiswahili cha kulekule Katanga, sio cha Zanzibar wala cha mimbarani. Kinaeleza habari za mji ule tangu kuja kwa wazungu, habari za kampuni ya Union Minière, mpaka miaka ya uhuru. Na kinaeleza kwa jicho la mtu aliyesimama jikoni, aliyebeba sahani, aliyefua nguo, na aliyesikia yaliyosemwa mezani na watu waliofikiri kwamba boyi hana masikio.

Kuna jambo moja hapa ninalolipenda sana. Mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, alikitoa kitabu hicho upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Lakini kukisoma kwa macho tu kulikuwa kugumu, kwa sababu maneno yameandikwa jinsi yanavyotoka mdomoni, mengine yameungana, mengine yamekatwa katikati. Mwenzake Mkongomani, Kalundi Mango, alikisoma kwa sauti, na kwa kusikiliza maana ikafunguka. Kumbe maboyi hawa waliandika kama mtu anavyoongea na jirani yake, na kalamu yao haikuogopa.

Basi usingoje mpaka Kiswahili chako kiwe safi. Kama bibi yako alisema "tulikimbiaka na mvua", andika hivyo. Ukimsahihisha umemfukuza ndani ya hadithi yake. Kama nyumbani mnachanganya Kiswahili na Kilendu, Kihema, Kialuri au Kilugbara, changanya. Mimi nilifundishwa katika chuo cha Biblia kuandika hotuba kwa sehemu tatu na vichwa vyake, na ninashukuru, lakini kwa kazi hii sikuombi ufuate njia hiyo.

Siku moja inatosha

Wengi wakishika kaye wanaanza hivi: "Mimi nilizaliwa tarehe fulani, mwana wa fulani na fulani, niliingia masomo ya msingi mwaka fulani." Ukurasa wa pili wamechoka, kaye inawekwa chini ya kitanda, na mchwa wanaisoma kwa niaba yetu. Karatasi ya namna ile ni ya kuomba kazi.

Chukua siku moja tu. Tafuta ile siku ambayo asubuhi yake ulikuwa mtu mmoja na jioni yake ulikuwa mtu mwingine. Kwa kijana mmoja ni siku aliyoacha masomo akaenda karieri. Kwa baba ni siku kampuni ilipowasomea majina ya watu wasiorudi kazini. Kwa mama ni siku alipopanda lori na watoto bila kujua lori linakwenda wapi. Inaweza kuwa siku ya furaha vilevile: siku ya ndoa, siku ulipopewa diploma, siku ulipoona mtoto wako anasoma barua ambayo wewe hukuweza kuisoma.

Tuseme ni huyo kijana wa karieri. Akiandika "maisha yalikuwa magumu sana, niliteseka", hajasema kitu. Kila mtu anasema hivyo, hata mwenye motokari mbili. Lakini akijibu maswali madogo, tutamwona. Ulivaa viatu gani? Nani alikubebea gunia? Mfukoni ulikuwa na pesa ngapi? Mtu wa kwanza uliyesema naye kule juu alikuwa nani, na alikuita jina gani? Maji ya kwanza uliyosimama ndani yake yalikuwa baridi namna gani? Ile sentensi mama yako aliyosema mlangoni ulipoaga, iandike jinsi alivyoisema. Kama hakusema kitu, andika kwamba hakusema kitu, na mikono yake ilikuwa inafanya nini.

Vijana, hasa ninyi mnaopenda maneno makubwa ya Kifaransa, sikieni. Neno "sufransi" halimwumizi msomaji. Sahani moja kwa watu saba, hiyo ataikumbuka.

Tarehe zitakusumbua. Usikate tamaa. Katika miaka ya 1990 baba mmoja wa Katanga, naye alikuwa boyi zamani, aliandika habari za maisha yake kwa mama Mbelgiji aliyekuwa bibi wake wa kazi. Mtaalamu Jan Blommaert aliandika juu yake katika kitabu cha mwaka 2008 na kumwita Julien, jina la kumficha. Julien aliandika hadithi ileile mara tatu. Mara tatu, ndugu msomaji, akirudi nyuma na kupanga tena mambo yake. Hatuna sababu ya kuona aibu tukirudia mara mbili.

Na tunazo alama za kutusaidia. Noti ulizoshika siku ile zilikuwa za zaire au za franka? Franka zetu za Kongo zilianza mwaka 1998. Je, muzee Laurent-Désiré Kabila alikuwa hai? Aliuawa mwezi wa kwanza 2001. Askari wa Ulaya wa Artémis walikuwa wameshafika Bunia? Walifika mwezi wa sita 2003 na kazi yao ikaisha mwanzo wa mwezi wa tisa mwaka uleule. Mahindi yalikuwa mabichi au makavu? Mtoto wako wa pili alikuwa anatambaa au anatembea? Ukiweka alama tatu au nne za namna hii, mwaka utajitokeza wenyewe, na mara nyingi hata mwezi.

Aliyeandika pembe akasahau watu

Sio kila kumbukumbu inaponya. Kuna moja ya zamani sana katika lugha yetu hii, ya Hamed bin Muhammed, yule anayejulikana kama Tippu Tip. Alizaliwa Zanzibar, akafanya biashara ya pembe na ya watumwa mpaka Maniema na mpaka maporomoko ya Kisangani. Katika uzee wake aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa katika miaka ya 1902 na 1903, kabla Tippu Tip hajafa mwaka 1905. Ni kitabu cha mtu mwenye akili nyingi. Safari zake zimo, masultani waliopigana naye wamo, na pembe zimehesabiwa frasila kwa frasila. Lakini wale waliozibeba pembe hizo kichwani, wengi wao hawana jina ndani yake.

Kwa hiyo ukimaliza kuandika ukurasa wako, uhesabu watu. Nani alikuwepo siku ile na wewe hukumwandika? Mara nyingi ni mwanamke aliyepika. Mara nyingi ni mdogo wako aliyebeba kitu kizito kuliko wewe. Mwenye shimo la dhahabu akiandika maisha yake, tunataka kusoma pia juu ya yule kijana ambaye udongo ulimfunika.

Jambo la moto

Sasa nafika mahali pagumu. Watu wa Ituri tukisema "siku iliyogeuza maisha yangu", wengi wetu tunafikiri vita. Vita vilivyoanza Djugu mwaka 1999. Nyankunde, tarehe 5 mwezi wa tisa 2002. Bunia mwezi wa tano 2003, wakati askari wa Uganda walipoondoka na watu wakakimbilia uwanja wa ndege na mahali pa MONUC. Djugu tena, tangu mwisho wa mwaka 2017. Tutaandikaje bila kuwasha tena moto?

Wengine watasema tusiandike kabisa, tusahau. Mimi sikubali. Kile ambacho wazee hawaandiki, watoto wanakisikia kwa vipandevipande jikoni na kwenye kilabu cha pombe, na kila kipande kinakuwa kikubwa kuliko jana. Karatasi iliyoandikwa kwa uangalifu inapunguza moto kuliko kunyamaza. Lakini lazima iwe ya uangalifu.

La kwanza, andika mtu, usiandike kabila. Ukiandika "Walendu walituua" au "Wahema walituua", hukusema uliloona, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuona kabila likija barabarani. Uliona wanaume kumi. Wawili walikuwa na bunduki, wengine walikuwa na mapanga, mmoja ulimjua, alikuwa ananunua chumvi kwako. Andika hivyo. Wengine watafikiri hii ni siasa ya kuficha ukweli. Angalia vizuri: ni ukweli mwingi zaidi. Na katika ukweli huo utakutana na yule mwingine wa kabila lilelile aliyesema "pita huku, huku hawajafika". Naye yumo katika siku yako. Ukitaja kabila tu, huyo utamwacha wapi?

La pili, tenganisha uliyoona na uliyoambiwa. Piga mstari katikati ya ukurasa kama inafaa. Upande mmoja "niliona", upande wa pili "niliambiwa na nani". Utashangaa upande wa kwanza ni mfupi kiasi gani. Usihuzunike. Upande huo mfupi ndio ambao hakuna mtu mwingine duniani anaweza kuuandika.

Mtu atauliza: "Si tayari mambo hayo yameandikwa kule Ulaya?" Ni kweli, Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kule The Hague ilianza na Ituri yetu. Thomas Lubanga alikutwa na hatia mwaka 2012 kwa kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika jeshi. Germain Katanga alikutwa na hatia mwaka 2014 kwa mambo ya Bogoro, Bosco Ntaganda mwaka 2019. Karatasi za kesi hizo ni nyingi kupita kiasi, kwa Kifaransa na Kiingereza. Lakini shahidi mbele ya mahakimu anajibu alichoulizwa. Akianza kueleza habari ya mbuzi wake au wimbo mtoto aliokuwa akiimba njiani, wakili anamrudisha kwenye swali. Kwenye kaye yako hakuna wakili. Mbuzi anaruhusiwa.

La tatu ni majina. Mtu aliyekuficha katika nyumba yake, usimwandike kwa jina lake kamili bila kumwuliza, hata kama unataka kumshukuru. Kunako majirani ambao mpaka leo wanaweza kumhesabia vibaya. Mwandike kwa herufi moja, au "mama wa nyumba ya manjano". Hata aliyekutenda mabaya, weka herufi. Kama jina lake linatakiwa, mahali pake ni kwa hakimu.

Na la nne ninalisema hasa kwa wachungaji wenzangu na kwa waume. Mama aliyetendwa jeuri katika mwili wake, asilazimishwe kuandika wala kusimama mbele ya Kanisa kueleza. Yeye ndiye anajua saa yake, na saa hiyo inaweza isifike. Daktari Helen Roseveare, mmisionari Mwingereza ambaye wazee wa Nyankunde wanamkumbuka, alikamatwa na Wasimba mwaka 1964 kule Nebobongo akateswa miezi mitano. Kitabu chake kimoja kilitoka mwaka 1966. Kitabu juu ya kurudi kwake Kongo na kazi ya Nyankunde kilitoka mwaka 1976, miaka kumi baadaye. Naye alikuwa mtu wa masomo mengi, mwenye meza na mashine ya kuandika. Kwa nini tumharakishe mama ambaye bado analala katika nyumba ya turubai?

Hapo hapo niseme neno juu ya ushuhuda. Sisi watu wa Kanisa tumezoea mfano mmoja: nilikuwa gizani, nikalia, nikaokolewa, asanteni, na muda wako umekwisha. Mfano huo ni mzuri kwa ibada. Kwa kaye una hatari yake, kwa maana yale yasiyoingia ndani yake tunayakata. Kama siku ile uliomba na mtoto akafa, andika kwamba uliomba na mtoto akafa. Usitafute mwisho mzuri ambao haukuwepo. Zaburi nyingi zinalia kwa Mungu, na yeye hakuzifuta.

Kidogo kidogo, kila siku

Hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano wa uvumilivu. Apolo Kivebulaya alitoka Uganda akafika Mboga, kusini kwetu huku, mwaka 1896. Alipigwa kwa amri ya chifu Tabaro, tena akafungwa kwa kusingiziwa kuua. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa. Apolo alifia Mboga mwaka 1933. Huyu hakukaa kuandika kitabu kikubwa. Aliandika vitabu vya siku, kwa Kiganda, maneno machache machache: alikotembea, aliofundisha, aliobatiza. Wanaotaka kujua habari za Kanisa katika nchi hii wanarudi kwenye maandiko hayo ya mkono wake mwenyewe. Mtu anayelima mchana anaweza kuandika mistari mitano usiku, kabla mafuta ya taa hayajaisha, au kabla simu haijazimika.

Nikisema simu, vijana mtaniambia mtaandika ndani yake. Vema, lakini simu inaibiwa, inaanguka shimoni, inauzwa wakati wa njaa. Andika kwenye karatasi, halafu piga foto za kurasa kwa simu. Tumia biki, usitumie kalamu ya risasi. Weka kaye katika mfuko wa nailoni na uitundike juu, mbali na mchwa na mvua. Ikimalizika, toa fotokopi moja umpe mtu anayekaa mji mwingine. Sisi wa Ituri tunajua nyumba moja inaweza kuungua na vyote vilivyomo.

Jambo la mwisho la kazi hii ni kusoma kwa sauti, kama Kalundi Mango alivyosoma maneno ya maboyi. Usianze na Kanisa zima. Anza na mtu mmoja aliyekuwa nawe siku ile, dada yako, au mchimbaji mwenzako wa shimo moja. Msomee pole pole. Ataanza kukukatiza: "Hapana, haikuwa asubuhi, jua lilikuwa linazama. Na lile gunia sio wewe ulibeba, ni mimi." Usibishane naye, na usifute ulichoandika. Ndiyo sababu tangu ukurasa wa kwanza nakushauri uandike upande wa kuume tu na kuacha wa kushoto mtupu. Huko kushoto andika alivyosema yeye, kwa maneno yake, na tarehe mliyokaa pamoja. Kisha mwombe asome mwenyewe, au asomewe, kama umemwandika sawa.